Mama Mistari Anaondoka, Kiti Kinabaki

Ijumaa hii, tarehe thelathini, mtakwimu wa kituo chetu atafunga mlango wa ofisi yake kwa mara ya mwisho na kukabidhi ufunguo. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Barua yake ya ajira inamtaja kwa jina kamili na cheo kirefu, lakini hapa kituoni, kuanzia mlinzi wa getini hadi wajumbe wa bodi, anajulikana kama Mama Mistari. Mtu akimuulizia kwa jina lake halisi, tunajua huyo ni mgeni au ametumwa na watu wa kodi.

Nimepewa kazi ya kuandika haya kwa sababu mbili. Kwanza, nimefanya naye kazi miaka ishirini na sita katika ukumbi wa mazoezi, mimi nikiwasimamisha wagonjwa na yeye akiwapima. Pili, hakuna mfanyakazi aliyebishana naye zaidi kuliko mimi, na kamati ya sherehe iliona kwamba mtu kama huyo hawezi kutia chumvi. Kamati imekosea. Nitatia, ila kidogo.

Kwa wageni wetu wasioijua kazi hii: hiki ni kituo cha utengamao. Watu huletwa hapa baada ya kiharusi, ajali au upasuaji, ili wajifunze upya kusimama, kutembea, kushika kijiko. Kazi yetu sisi wa ukumbini ni kuwabadilisha. Kazi ya Mama Mistari ilikuwa kutuuliza kama kweli wamebadilika, kwa kiasi gani, tangu lini, na kama wao wenyewe wameyaona hayo mabadiliko. Maswali hayo ni mepesi ukiyasoma hapa. Kuyajibu ukiwa umesimama mbele yake, naye anakutazama juu ya miwani, ni habari nyingine kabisa.

Alipoajiriwa alikuwa ndiyo kwanza ametoka chuoni. Walimpa chumba kilichokuwa stoo ya mashuka, kisicho na dirisha, chenye rafu mpaka darini. Alikaa humo miaka tisa. Walipomwambia ahamie ghorofa ya juu penye hewa alikataa mara mbili, kwa sababu ukuta wa stoo ile ulipakana na ukumbi wa mazoezi, na akiwa mezani aliweza kusikia kwamba mgonjwa fulani leo anaburuta mguu kidogo kuliko wiki iliyopita. Hata hivyo hakuwahi kuandika alichokisikia. Alisema masikio yake hayajahakikiwa.

Jina lake lilitokana na penseli. Wakati ule ripoti zote zilikuwa na mstari mmoja tu, mstari wa wastani, unaoanzia chini kushoto na kupanda kulia kama inavyotakiwa, ili wakubwa wafurahi. Yeye alimchorea kila mgonjwa mstari wake. Karatasi moja, mistari sabini, mingine inapanda, mingine inashuka, mingine inapanda halafu inajuta. Tulimwambia karatasi zake zinaumiza macho. Akatujibu kwamba sabini ni watu, na wastani si mtu; hajawahi kumwona wastani akija hapa na magongo.

Alikuwa pia hatuachi tujisifu mapema. Watu wengi huja hospitali siku waliyozidiwa, na siku ya kuzidiwa ikipita, unafuu kidogo huja wenyewe hata kama daktari amelala. Kwa hiyo aliweka sheria kwamba kila mgonjwa apimwe mara mbili, siku tofauti, kabla hatujamgusa. Tulinung'unika kweli kweli. Mimi binafsi nilinung'unika mpaka nikaitwa ofisini. Lakini kuanzia hapo tulipodai sifa, ilikuwa sifa ya jasho letu, na haikuwa ya siku mbaya iliyopita.

Sasa niwaambie habari ya kiti, kwa sababu bila kiti hakuna Mama Mistari.

Kipimo chetu kikuu ni cha kawaida sana. Mgonjwa anakaa kwenye kiti, anainuka, anatembea hadi kwenye alama ya rangi sakafuni, anageuka, anarudi, anakaa. Anayepima ameshika saa. Akitumia muda mfupi kuliko mwezi uliopita, tunaandika kwamba amepata nafuu.

Mwaka wangu wa pili kazini, ukumbi mzima ulipata nafuu. Ndani ya wiki moja, watu tuliozoea kuwabembeleza kwa nusu saa ili wanyanyuke walianza kuinuka kama walioitwa mezani. Wazee wa kiharusi, vijana wa pikipiki, bibi mmoja mwenye nyonga ya chuma, wote. Tulipeana mikono. Daktari mkuu aliagiza keki. Mkuu wangu wa kitengo alishaanza kuandika makala ya kwenda kuisoma kwenye mkutano nje ya nchi, na suti alishapima. Mama Mistari alikuja, akala keki vipande viwili, akajifuta mikono, kisha akasema watu hawaponi wote kwa pamoja kama wanafunzi wanaoitikia kengele. Hebu tutazame nini kingine kimebadilika wiki hii. Akaingia ukumbini na rula.

Kumbe ghala lilikuwa limetuletea viti vipya vya plastiki ngumu, virefu kuliko kiti cha mbao tulichozoea kupimia, kwa upana wa vidole vitatu. Mwenye magoti mabovu anajua vidole vitatu ni nini. Wagonjwa hawakuwa wamepona, walikuwa wameinuliwa kabla ya kuinuka. Kiti cha mbao kilikutwa nyuma ya jiko, mpishi amekifanya cha kuwekea sufuria. Mama Mistari alikisugua masizi kwa mikono yake, akakirudisha ukumbini, akakifunga kwa mnyororo kwenye nguzo kama watu wanavyofunga baiskeli. Makala ikafa kimyakimya, na mkuu wangu hakumsalimia kwa mwezi mzima. Mama Mistari aliendelea kumsalimia kila asubuhi, tena kwa furaha.

Tangu hapo hakuna mgonjwa wa hapa aliyepimwa kwenye kiti kingine. Kimebadilishwa skrubu, kimepigwa vanishi, lakini kimo chake ni kilekile, na kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi alikipima kwa rula, sisi tukimcheka.

Pamoja na kiti alikuwa na swali. Kila ripoti ilipoletwa, ya kwetu au ya wageni, alipitisha kidole kwenye tarakimu za mwanzo, akapitisha kwenye tarakimu za mwisho, kisha akauliza: "Wale wengine wako wapi?" Maana walianza watu wengi na wakamaliza wachache, na ripoti inawazungumzia wachache kana kwamba ndio wote. Swali hilo lilienea kituoni. Mfanya usafi akikuta vikombe vya chai vimepungua anasimama katikati ya jiko na kuuliza wale wengine wako wapi. Kwenye harusi ya mhasibu wetu, upande wa bwana ulipokuja na gari moja tu, sote tuligeuka kumtazama Mama Mistari, na yeye akashindwa kujizuia kucheka.

Lakini swali lile halikuwa la utani mwaka bodi ilipotaka kufunga zamu ya alasiri.

Ni miaka kumi na minne sasa. Zamu ya alasiri ni ya wagonjwa wa kiharusi waliovuka miezi mitatu, wale wanaokwenda polepole. Bodi ililetewa chati. Mstari wa wastani ulipanda vizuri miezi mitatu ya kwanza, kisha ukalala, ukaendelea kulala hadi mwisho wa karatasi. Wakahitimisha kwamba baada ya miezi mitatu binadamu habadiliki tena, hivyo ukumbi ufungwe mchana na sisi tupangiwe kazi nyingine. Ilibaki kikao kimoja tu cha kuthibitisha. Watu zaidi ya mia walikuwa wakija alasiri, na kwa wengi wao hapo ndipo palikuwa mahali pekee ambapo mtu bado aliwaambia inuka.

Sisi tulipiga kelele. Mama Mistari alichukua ile chati, akakaa nayo siku nzima, akatoka akiwa amekunja uso. Akauliza swali lake. Wagonjwa waliopimwa katika mwezi wao wa nane wa matibabu hawakufika nusu ya wale waliopimwa katika mwezi wa kwanza. Alitueleza kwamba ni sawa na mwalimu aliyepima uzito wa darasa zima mwaka ulipoanza, halafu katikati ya mwaka akapima waliobaki darasani siku ya mvua, akatangaza kwamba watoto wa shule hii hawakui.

Akajifunga kibwebwe. Aliomba gari la kituo na dereva, akafungua mnyororo, akapakia kiti. Hakutaka kuwapima watu kwenye makochi na vigoda vyao; kiti kilikuwa lazima kiwe kilekile. Wiki nyingi walizunguka mitaani wakiwatafuta waliopotea, yeye mbele na daftari, kiti nyuma kimefungwa mkanda. Dereva wetu, aliyestaafu mwaka juzi na yupo hapa leo, bado anasimulia jinsi majirani walivyotoka nje wakidhani kuna mtu anahamia, masikini, na mali yake yote ni kiti kimoja. Mzee mmoja alishukuru sana, akaanza kutafuta mahali pa kukiweka sebuleni. Waliwapima watu kwenye korido, kwenye veranda ya kinyozi, na mara moja katikati ya barabara ya mtaa, dereva akizuia magari kwa mikono miwili.

Walimkuta muuza mboga aliyeacha kuja katika mwezi wake wa nne. Alikuwa amerudi sokoni, anapima nyanya na kugombana na wateja. Alisema hana muda wa kufunga meza ili aende kuambiwa kwamba anatembea. Walimpima hapo hapo, kati ya mteja na mteja, na mstari wake ukapanda mpaka karibu utoke kwenye karatasi. Jioni ya siku hiyo hiyo walimkuta mwalimu mmoja mstaafu, ghorofa ya nne, lifti imekufa. Alikuwa hajashuka tangu aache kuja. Alikaa kwenye kiti, akajaribu kuinuka, akashindwa, akaomba radhi. Mama Mistari alimshika mkono, akamwambia hana la kuombea radhi, na akaandika.

Hapo ndipo tulipogombana. Mimi na wenzangu tulitaka apeleke kwenye bodi habari za muuza mboga na wenzake, basi. Zamu ilikuwa inakufa, na sisi tulikuwa tunatafuta kamba ya kuivuta. Alikataa katakata. Alisema aliwatafuta wote, atawaonyesha wote, na kama hatutaki tusikae karibu naye siku ya kikao.

Tulikaa karibu naye. Alitundika ukutani karatasi kubwa ya manila yenye mstari wa kila mgonjwa kwa penseli, waliokuwa wakija na waliokuwa wamepotea. Kisha mbele ya macho ya bodi akachora wastani kwa wino mwekundu. Ulilala. Ulilala karibu sawa na ule wa kwanza, kwa sababu waliopanda na walioshuka walikuwa wamefutana. Nilisikia mtu nyuma yangu akivuta pumzi. Mama Mistari akaweka kalamu chini na kusema, "Wastani wangu umelala kama wenu. Sasa naomba mniambie, hapa yuko wapi mtu mmoja aliyelala?"

Mwenyekiti alivaa miwani, akasogea ukutani, akatafuta. Alitafuta kwa muda mrefu. Wapo waliopanda, wapo walioshuka, wapo waliopanda na kuanguka walipoacha kuja. Aliyelala hakuwepo hata mmoja. Mwenyekiti akageuka, na uso wake ulikuwa umelainika. Akauliza kama basi tuseme zamu ya alasiri ndiyo iliyowainua hawa waliopanda.

Lilikuwa swali la kujibu ndiyo, twende nyumbani. Mama Mistari akajibu, "Sijui."

Nilitamani sakafu ipasuke. Lakini alieleza, taratibu, kwamba huenda zamu inawainua watu, na huenda wanaoinuka ndio wenye nguvu ya kuja kwenye zamu, na kwamba karatasi ile haiwezi kutofautisha. Akaomba mwaka mmoja ajue. Bodi ilikubali shingo upande. Baadaye mwenyekiti alituambia kwamba kama angejibu ndiyo, wangemwona mtetezi tu kama sisi, na wangefunga.

Mpango ulikuwa hivi. Nafasi za alasiri zilikuwa chache kuliko wagonjwa, hivyo tangu zamani kulikuwa na foleni. Badala ya foleni kwenda kwa anayemjua nani, itapigwa kura. Watakaobahatika wataanza mara moja, wengine watasubiri nusu mwaka kisha nao wataanza, na wote watapimwa muda wote huo, kwenye kiti kimoja. Kama zamu ina kazi, mistari ya kundi la kwanza itainuka kwanza na ya kundi la pili itasubiri zamu yake.

Sasa nimefika pale ambapo yeye mwenyewe hapendi pasemwe. Nilimwomba ruhusa. Akasema niandike, bila mapambo.

Katika foleni ile alikuwemo mdogo wake wa tumbo moja, fundi cherehani, aliyepigwa na kiharusi mwaka uliotangulia, upande wa kulia. Ndiye mdogo pekee aliyenaye, tena aliyembeba mgongoni. Mama Mistari aliiambia bodi mapema, mbele ya watu. Akaomba asimpime yeye, asione vipimo vyake mpaka mwisho, na kura zipigwe na mtunza ghala hadharani. Mtunza ghala alizichanganya karatasi kwenye sufuria ya mpishi, ile ile iliyowahi kukaa kwenye kiti. Jina la fundi cherehani lilipotajwa, karatasi iliyofuata ilisomeka: kusubiri.

Kesho yake wifi yake, mke wa fundi, alikuja ofisini. Mlango haukufungwa, na korido ilikuwa na watu, kwa hiyo sitajifanya sikusikia.

"Wifi, kalamu ni yako, karatasi ni zako, ofisi ni yako. Hamisha jina moja tu. Nani atajua?"

"Nitajua mimi. Na nikimwingiza yeye, kuna mtu atatoka ampishe. Huyo naye ana dada yake."

Wifi mtu alisimama, akajifunga mtandio, akatoka. Hakumsemesha tena. Kwenye shughuli za ukoo walipishana kama abiria kituoni. Ndugu wakagawanyika. Hata humu ndani wapo waliosema ana roho ya jiwe, na hawakunong'ona. Mdogo mtu peke yake hakulalamika. Aliulizwa na kila mtu, naye akamjibu kila mtu kwamba dada ameshasema.

Ya miezi ile mengine niliyaona, mengine alinisimulia fundi mwenyewe, naweza kushuhudia. Kila Jumapili Mama Mistari alikwenda kumjulia hali mdogo wake. Alikaa kwenye chumba cha kushonea, cherehani imefunikwa kitambaa, akanywa chai ambayo wifi yake aliiweka mezani bila kumtazama. Hakumpima. Lakini macho yale hayakujua kwenda likizo. Aliona mdogo wake ameanza kushika ukuta mahali alipokuwa akipita bila kushika. Jumatatu alikuja kazini na macho mekundu, akasema ni vumbi. Angeweza kulimaliza kwa kufuta jina moja na kuandika jingine. Ilimuuma, ilimuuma sana, na hakufuta.

Zamu yake ilipofika, wifi alimleta mwenyewe, akapita mlango wa ofisi ile bila kugeuza shingo. Fundi alikuwa mgonjwa wangu. Nimewasimamisha watu wengi, lakini yule nilimsimamia kufa kupona, na sababu mnaijua. Alikuwa na desturi ya kusukuma ukingo wa kiti kwa mkono wa kushoto ili anyanyuke. Bila hivyo alirudi chini. Tulipigania hilo alasiri baada ya alasiri.

Siku ya kipimo cha mwisho Mama Mistari alitoka ukumbini kama alivyoahidi. Alikaa kwenye benchi la korido, mgongo kwa mlango. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akikaa bila kitu mkononi. Ndani, fundi alikaa kwenye kiti cha mbao. Nikasema inuka. Aliweka mikono yote miwili mapajani, akainama mbele, akatetemeka kidogo, akasimama. Akaenda hadi kwenye alama, akageuka, akarudi, akakaa, akanitazama kama mtu aliyeiba.

Kabla sijasimamisha saa vizuri, wifi mtu alikuwa ameshafungua mlango. Alikwenda akakaa kwenye lile benchi, bega kwa bega na mtu ambaye hakuwa amemsemesha karibu mwaka mzima.

"Wifi," akasema, "amesimama bila kushika."

Mama Mistari alilia kwa sauti. Mpishi alikuja mbio akidhani mgonjwa ameanguka.

Matokeo mnayajua, maana ndiyo sababu ukumbi ule una watu mpaka leo saa tisa. Kundi la kwanza lilipoanza, mistari yake iliinuka. Kundi la pili liliposubiri, mistari yake ilishuka au ilisuasua, na lilipoanza nalo likainuka. Bodi haikuuliza swali la pili. Zamu ya alasiri ilibaki, na juu yake Mama Mistari akapata alichokiomba kwa ajili ya ghorofa ya nne: mtaalamu wa kuwafuata nyumbani walioacha kuja. Yule mwalimu mstaafu alishuka ngazi mwaka uliofuata. Za mwisho alizishuka kwa makalio, lakini alishuka, akakaa uani akasoma gazeti.

Si kila kitu kilirudi, na nisiposema hili atanisahihisha hadharani. Mkono wa kulia wa fundi haukushika mkasi tena. Mke wake anakata kitambaa, yeye anashona. "Na hilo andika," Mama Mistari aliniambia wiki iliyopita, huku ananioneshea kidole. Nimeandika.

Kuna jambo jingine alilotuachia. Kwa muda mrefu tulifurahia kila sekunde iliyopungua kwenye saa. Yeye akaongeza swali moja dogo baada ya kipimo: tangu tuonane mara ya mwisho, kuna kitu unafanya leo ambacho ulikuwa hukiwezi? Mtu mmoja alipunguza muda wake vizuri sana, akajibu hakuna. Mwingine saa haikuonyesha lolote, akajibu kwamba jana alikwenda chooni usiku bila kumwamsha mkewe, na wote wawili wamelala vizuri. Kuanzia hapo tulijifunza kutofautisha mabadiliko yanayoifurahisha karatasi na mabadiliko yanayomfurahisha mwenyewe.

Kompyuta zilipokuja na programu za kumchorea kila mgonjwa mstari wenye mwanzo wake na mwinuko wake, na bado zikatoa kauli juu ya kundi zima, tulitegemea atashangaa. Alitazama skrini, akasema programu imechelewa. Kisha akajifunza kuitumia vizuri kuliko vijana, akawafundisha vijana, na mmoja wa hao, binti anayeirithi meza yake, tayari ameshaanza kuwakera wageni wetu kwa kuuliza wale wengine wako wapi. Tuko salama.

Imebaki habari ya mto. Fundi cherehani alipopona kiasi cha kuketi kwenye mashine, kazi yake ya kwanza kuishona mpaka mwisho ilikuwa mto wa kukalia, wa mahameli ya rangi ya zabibu, wenye kifungo katikati. Aliushona kwa vipimo vya kiti chetu, kama shukrani kwa kiti. Alikuja nao ukumbini, watu wakapiga makofi. Mama Mistari aliupokea kwa mikono miwili, akautazama, akakitazama kiti, na sisi tunaomjua tukaanza kuinamisha vichwa. Akamwambia mdogo wake kwamba ni mzuri mno, na kwamba hauwezi kuwekwa pale, kwa sababu utapandisha kimo. Fundi alicheka mpaka ikabidi akae. Alikaa kwenye kiti cha mbao, bila mto.

Mto ule umekaa kwenye kiti cha ofisi ya Mama Mistari tangu siku hiyo. Mahameli yameisha pembeni, kifungo kimeshashonwa upya mara kadhaa. Kamati ya sherehe ilipopendekeza tumzawadie kile kiti cha mbao, alikasirika kweli. Aliuliza kama tunataka mistari ya watu ikatike katikati kwa ajili ya sherehe. Kiti kitabaki na mnyororo wake. Rula ameshamkabidhi binti.

Mama Mistari, bodi, wafanyakazi na wote waliowahi kuinuka mbele yako wanakushukuru. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana, na mzee wako awe na subira utakapoanza kupima muda anaochukua kurudi kutoka dukani. Lakini usidhani umetuaga. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba aliyeacha kuja bado ni wetu, na kazi yetu ni kumfuata alipo. Kwa hiyo baada ya miezi sita gari la kituo litasimama mlangoni kwako, majirani watatoka nje kushangaa, na sisi tutabisha hodi kuuliza kama kuna kitu unafanya leo ambacho ulikuwa hukiwezi. Mto ni wako, nenda nao. Kiti tutakuja nacho sisi.